Mdeki wa Tano

Profesa Kiptoo aliuawa mchana kweupe, mbele ya umati, na karibu nusu ya watu hao walikuwa wamenyanyua simu wakirekodi. Ungedhani kesi ya namna hiyo inajimaliza yenyewe. Ninahazwe alikuwa ameitazama video ya Blaise mara nyingi kiasi kwamba Blaise mwenyewe alichoka, akamgeuzia mgongo na kuendelea kubandika kioo kwenye simu ya mteja.

"Maman Nina, utaangalia mpaka wakati gani?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Kila mara unabonyeza, mutu anakufa tena."

"Rudisha pale wanapotoka nyuma ya hema."

"Eish." Blaise alifuta mikono, akarudisha.

Duka lake lilikuwa kijichumba cha mabati pale Warwick, kati ya mama anayeuza mizizi ya dawa na saluni ya Wakongomani wenzake, na makelele ya stendi ya teksi yaliingia bila hodi. Ninahazwe aliisogeza simu karibu na uso. Wanaume sita walitoka nyuma ya hema wamevaa makoti ya buluu yenye kola za rangi ya mchanga, kila mmoja na bunduki ndefu ya gumegume begani. Uwanja wa chuo ulikuwa umetandazwa pamba iwe theluji. Ofisa mwenye upanga akawapanga mstari mmoja. Mbele yao Profesa Kiptoo alipiga magoti, shati limechanika, macho yamefungwa kitambaa cheupe.

Kila mwaka profesa aliwaonyesha watu wa Durban kipande cha somo alilolifundisha, historia ya jeshi la Marekani lilipokuwa changa, na kila mwaka alichagua kipande kichungu. Mwaka huu kilikuwa kisa cha Januari 1781. Askari wa New Jersey, wenye njaa, miguu imefungwa matambara kwa kukosa viatu, walikuwa wameasi. Jenerali wao akatuma kikosi kikawazingira kambini, viongozi wa uasi wakatolewa mstarini, na watu wa kuwapiga risasi wakachaguliwa kutoka kwa waasi wenzao. Walijaza bunduki zao huku wakilia. Profesa alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba bendera na magwanda ni mambo ya baadaye. Jeshi huzaliwa siku mtu anapompiga risasi rafiki yake kwa kuwa ameamriwa.

Ofisa alishusha upanga. Bunduki zikalia pamoja, moshi mweupe ukafunika kila kitu. Kwenye mazoezi profesa alikuwa akianguka kiubavu, polepole, kama mzee anayekichunga kiuno chake. Safari hii alitupwa nyuma. Watu wakashangilia, na sauti iliyosikika karibu kuliko zote ilikuwa ya Blaise.

"Zima hapo, tafadhali," Blaise alisema. "Sipendi kujisikia."

Ninahazwe hakuzima. Kabla hajakimbia kwao alikuwa askari polisi mjini Bujumbura. Hapa Durban alikuwa mkalimani mahakamani, na kwa wakili mmoja anayetetea wakimbizi alikuwa pia miguu na masikio. Wakili ndiye aliyemtuma. Alikuwa ameletewa kesi na Agathe, msusi wa saluni ile ile ya jirani, dada yake Achille. Achille ni fundi nguo. Yeye ndiye aliyeyashona makoti yale ya buluu, na yeye alikuwa mmoja wa wale sita. Risasi ilitoka kwenye bunduki yake.

Kesi dhidi yake ilikuwa fupi na ilisimama vizuri mno. Kabla ya onyesho, bunduki zote zilikaguliwa nyuma ya hema zikaonekana tupu. Tangu ukaguzi mpaka amri ya kufyatua, bunduki ya Achille haikutoka mkononi mwake. Basi aliyetia risasi ni nani kama si yeye? Zaidi ya hayo, wiki ile ya mwisho alisikika akimfokea profesa, "Mimi sitaki! Nimesema sitaki!" Na polisi walipochimba wakakuta kwamba utotoni, huko Kivu, aliwahi kubebeshwa bunduki na kundi la msituni kabla hajatoroka. Kesho asubuhi mahakama ingesikiliza ombi lake la dhamana. Akinyimwa, atasubiri kesi mahabusu, na huko wafungwa wenzake walikwisha kumvunja vidole viwili vya mkono wa kulia kwa kosa la kuwa mgeni. Fundi nguo bila mkono wa kulia ni mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Tazama mikono yao," Ninahazwe alisema. "Wanamimina baruti, wanainua, wanafyatua. Hakuna anayechomoa mdeki."

"Ile fimbo ya chuma? Iko katazo. Achille alinisemea, siku ya théâtre hakuna kushindilia, juu ya hatari."

"Basi risasi ilishindiliwa, na baruti yake chini, kabla hawajatoka."

"Voilà. Na polisi wanasema ni Achille, nyuma ya hema, kisha ukaguzi kwisha."

"Wanasema." Ninahazwe alimrudishia simu. "Nani anakaa na funguo za bunduki?"

*

Funguo zilikuwa kwa Dakta Philip, ofisa wa kwenye video, ambaye bila upanga alikuwa mhadhiri Mkenya mwembamba mwenye tabia ya kunyoosha tai kila anapoulizwa jambo. Alimpokea kwenye stoo ya idara, chumba kisicho na dirisha, bunduki zimepangwa ukutani kama mifagio. Nafasi ya tano ilikuwa wazi. Polisi waliichukua ile yenyewe.

"Watu wangapi wana ufunguo wa hapa?"

"Mimi na Prof." Alinyoosha tai. "Sasa ni mimi tu."

"Na kiti chake cha uprofesa, sasa ni cha nani?"

"Hilo ni swali gani, Madam?"

"La kawaida. Nimeambiwa mligombana."

"Tulitofautiana. Nilimtaka aahirishe onyesho. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, anamwaga baruti mezani, halafu anawafokea wanafunzi kana kwamba wao ndio wameimwaga. Nikamwambia, Prof, mwaka huu tupumzike. Akanijibu nikitaka kiti chake ningoje kwanza kipoe."

Ninahazwe alifurahi moyoni, kwa furaha isiyo nzuri ya mpelelezi aliyepata ufunguo, sababu na upanga kwa mtu mmoja. Zaidi ya hayo hakuwapenda watu wanaocheza uaskari. Aliowaona yeye hawakuwa wakicheza.

"Nionyeshe ukaguzi unavyofanyika," alisema.

Dakta Philip alishusha bunduki moja. Alichomoa mdeki chini ya mtutu, akauachia utumbukie ndani. Kling! Chuma kiligonga chuma, kikarukaruka na kuacha mlio chumbani.

"Mtutu mtupu huimba hivyo. Ni desturi ya jeshi lile tangu yule mkufunzi wa Kijerumani, Mprusi, alipokuja kuwanyoosha, majira ya baridi kwenye kambi ya Valley Forge. Walikuwa wakulima, kila mmoja anashika bunduki anavyojua yeye. Akawafundisha kusimama mstari, kila mtu anatumbukiza mdeki wake, na ofisa anapita akisikiliza. Haangalii. Anasikiliza."

"Na ikiwa na kitu?"

Alisita kidogo. Kisha alifinyanga karatasi kuzunguka kigololi cha risasi, akakishindilia mpaka chini, akauachia mdeki tena. Pu. Mlio wa kidole kinachogonga godoro. Tena sasa mdeki ulikuwa umechomoza mdomoni mwa mtutu kuliko mara ya kwanza.

"Nani alikagua Jumamosi?"

"Prof mwenyewe. Leseni ilikuwa yake, hakumruhusu mtu mwingine. Mimi nilikuwa uwanjani napanga watazamaji. Alipomaliza tu, alivua koti la uprofesa, akavaa lile shati bovu, akaja kupiga magoti."

"Nani alimwona akikagua?"

"Wale sita. Na simu ni marufuku nyuma ya hema, kwa hiyo usiniulize video."

Simu marufuku, katika mji huu. Ninahazwe alikaribia kucheka. Alikumbuka kitu alichokiona asubuhi bila kukijali, picha ya koti la buluu iliyobandikwa mlangoni kwa Agathe, na chini yake namba ya fundi. Picha ile ilipigwa kwa karibu, mshono wa mgongoni ukionekana vizuri, na nyuma ya bega palionekana turubai ya hema. Alimpigia Blaise.

"Kabla ya onyesho ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya hema, Maman. Nilikuwa nachukua video ya makoti, ya kuweka status. Agathe alitaka watu waone kazi ya Achille."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniomba ya kifo. Hii ni ya nguo."

"Kuna sauti?"

"Niliweka muziki juu yake, rumba moja tamu..."

"Blaise. Ile isiyo na muziki."

Iliingia kabla Dakta Philip hajamaliza kurudisha bunduki ukutani. Walisimama wakaitazama pamoja. Kweli ilikuwa ya nguo. Kamera ililamba vifungo, mikunjo ya mikono, pindo za nyuma, kama mama anayekagua kitambaa dukani kabla hajauliza bei. Nyuso hazikuonekana. Lakini sauti ilikuwa safi. Kling. Kling. Kling. Kling.

Pu.

Kamera ilikuwa mgongoni kwa Achille. Mkono wa profesa uliingia kwenye picha, ukitetemeka, ukatua juu ya bega lile la buluu. Kichwa chenye mvi kikainama sikioni kwa fundi. Midomo ilicheza. Kisha mkono ukaondoka.

Kling, ukaimba wa sita.

"Rudia," Dakta Philip alisema. Iliporudiwa, alikalia kreti bila kujali suruali yake. "Mwezi uliopita alisimamisha mstari mzima kwa ajili ya mdeki mmoja. Sisi wengine hatukusikia tofauti yoyote. Mtutu ulikuwa na kipande cha tambara ndani, kidogo hivi." Alionyesha ukucha. "Alisikia. Lazima alisikia."

"Na akamwacha aende."

"Akamwacha aende." Macho yake yalijaa machozi, na hakunyoosha tai. "Na mimi ndiye niliyeshusha upanga."

Ninahazwe alikuwa amekwisha kumfunga pingu moyoni, sasa ikambidi amfungue, na jambo hilo lilimuudhi. Alikuwa amebakiwa na kesi iliyogeuka miguu juu. Bunduki haikuwa tupu wakati wa ukaguzi, kwa hiyo yote waliyojenga polisi juu ya dakika zile za nyuma ya hema yaliporomoka. Lakini video ilimwonyesha vilevile mtu aliyekisikia kifo chake mwenyewe na kupita kwenda kwa anayefuata.

"Alimwambia nini sikioni?" Dakta Philip aliuliza.

"Anayejua yuko hai bado," Ninahazwe alisema. "Kwa sasa."

*

Achille aliletwa chumba cha wageni wa mahabusu, mkono wa kulia umefungwa bandeji iliyochafuka. Alikuwa na mabega mapana na sauti ndogo. Alikaa akiutazama mlango.

"Nimesikia mdeki wako," Ninahazwe alimwambia. Hakuwa na muda wa kuzunguka. "Ulilia pu. Na wewe uliusikia."

Achille aliendelea kuutazama mlango.

"Ulisema kwa polisi kwamba ukaguzi ulikuwa sawa."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ungesema ukweli ungekuwa nje."

"Maman, hapana. Ukweli yangu ni mubaya kupita uongo." Alilaza mkono mzima juu ya ule mbovu. "Ile siku nilisikia ile sauti, nikamwangalia Profesa. Alinisemea ni mafuta tu, yamejaa chini, usijali. Nikaamini. Mimi najua bunduki ya kule kwetu. Hii ya babu zao siijui."

"Na nini kingine?"

Achille alivuta uzi uliochomoza kwenye bandeji.

"Achille, midomo yake ilicheza muda mrefu kuliko mafuta."

"Sheria ilikuwa kulenga juu ya kichwa yake. Wote sita, juu. Hata kama iko baruti tupu, juu. Alinisemea, 'Wewe ulenge kifuani. Wenzako wanalenga mbinguni, watu watacheka. Wewe ndiye unajua.' Donc nililenga kifuani. Nililenga muzuri kabisa. Sasa nitasema hiyo mbele ya juge? Kwamba nilisikia, na nililenga?"

Ninahazwe alihisi hasira ikimpanda, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kesi hii haikuwa hasira ya kumhurumia profesa.

"Kelele za wiki ile, 'sitaki', zilikuwa za nini?"

"Za bunduki. Nilikubali kushona tu. Kabla mama yangu hajakufa niliapa mbele yake sitashika tena. Profesa akaniomba, akaniomba, anasema ananihitaji mimi, hakuna mwingine. Mutu mukubwa vile, profesa, ananiomba mimi!" Aliinua macho. "Nikamwonea haya kukataa."

"Alijua ya Kivu?"

"Nilimwambia mwenyewe. Siku nampima lile shati. Alikuwa anauliza muzuri, polepole. Nilifikiri ni rafiki."

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa Morningside, juu ya mgongo wa Berea, na Wakenya wa Durban walikuwa wameijaza. Viti vya kukodi vilitapakaa bustanini, wanafunzi na manesi walishika vikombe vya chai, mchungaji alikuwa akiongea na simu kuhusu ndege. Mwili ungesafirishwa kesho, mazishi Jumamosi huko Kapsabet. Ninahazwe alitoa pole mlangoni kama kila mtu, akaelekezwa jikoni, kwa sababu mjane alikataa kukaa.

Mildred alikuwa mwanamke mrefu aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, akikata mkate bila kuutazama. Pembeni yake Estella, wa kanisani kwao, alikuwa akitafuta chombo cha kuchemshia maziwa. Alinyoosha mkono juu ya kabati ambako sufuria moja ndogo ilikuwa imesukumwa ukutani kabisa.

"Hiyo acha!" Mildred alisema kwa ukali, mpaka waliokuwa sebuleni wakanyamaza. Kisha kwa upole, "Acha hiyo, dada. Imeharibika. Chukua ile kubwa."

Estella aliomba radhi kwa kosa asilolijua. Ninahazwe aliitazama sufuria, kisha akamtazama mwenye sufuria.

"Mama," alisema, "naomba tubaki wawili."

Walipobaki, alifunga mlango na kucheza video. Hakueleza kitu. Kling, kling, kling, kling, pu. Kisu cha Mildred kilisimama katikati ya mkate.

"Umeitambua sauti," Ninahazwe alisema.

"Nimeisikia miaka mingi sebuleni kwangu. Watoto wamekua wakiisikia." Alikiweka kisu chini. "Unataka nini, Madam? Msiba bado mbichi."

Ninahazwe alipanda kigoda, akaiteremsha sufuria. Chini ndani yake palikuwa pameganda ngozi ya kijivu, nzito, inayong'aa pale ilipokwaruzwa.

"Vizito vya kuvulia samaki," Mildred alisema kabla hajaulizwa. "Ijumaa asubuhi nilikuta jikoni kunanuka chuma. Alikuwa anayeyusha. Akaniambia ni gololi za kabati la maonyesho."

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini." Alivuta kiti, mtu aliyekataa kukaa siku nzima, akaketi. "Baba yake alikufa akiwa hamjui mtoto wake, amefungwa kitini na shuka asijiumize. Mikono ndiyo iliyoanza kwake pia. Mume wangu alijua kinachokuja. Juzijuzi alisahau jina langu mbele ya wageni, akacheka, akajifanya ni utani. Mimi nilimwona usoni."

"Kwa hiyo mlipanga."

"Hatukupanga! Jumamosi asubuhi ndipo aliponiambia. Nilimshika miguu. Kwetu mtu akijiua, wazee hawatakubali alazwe karibu na baba yake, na mchungaji hatafungua mdomo. Aliyajua hayo yote, ndiyo maana akatafuta ajali. Nililia hadi akaniapia ameacha. Na nikamwamini, unajua kwa nini? Kwa sababu alikunywa chai yake yote." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Nikaenda kukaa mstari wa mbele. Nikapiga makofi na wengine."

Sebuleni walianza wimbo wa maombolezo. Ninahazwe alingoja. Alimwonea huruma mwanamke yule, huruma ya kweli, na bado swali lilikuwa pale pale.

"Ile asubuhi, hukumuuliza kuhusu atakayeshika bunduki?"

Mildred alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja mpaka ubeti ukaisha.

"Nilimuuliza. Nilimwambia, na huyo mtu utamwachia nini? Akasema, 'Wanafunzi siwezi, nitawaharibia maisha. Nitampa yule fundi. Yeye amezoea.'"

Jikoni palinuka maziwa yaliyoanza kuungua. Hakuna aliyenyanyuka kuzima jiko.

"Kesho dhamana yake inasikilizwa," Ninahazwe alisema. "Sauti hii itaonyesha kwamba risasi ilikuwamo. Wataniuliza ni nani aliyeitia, nitawaambia sina hakika, na watamrudisha ndani wakati wanatafuta hakika. Hakika ninayo hapa mkononi, lakini bila neno lako ni sufuria tu."

"Nipe mpaka Jumamosi. Nimzike kwanza. Tafadhali, dada yangu. Nikimaliza kuzika nitasema kila kitu, nitatia sahihi popote."

"Wamemvunja vidole viwili huko ndani. Vya mkono wa kulia. Ndiye aliyemshonea mume wako lile shati la kufia."

Mildred aliitazama sufuria muda mrefu. Kisha alisimama, akazima jiko, akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akaifunga vizuri kama anavyofungwa mtu chakula cha safari. Hakumkabidhi Ninahazwe. Aliiweka kwenye mkoba wake mwenyewe.

"Nani atawaambia wale?" alisema, akionyesha sebuleni kwa kidevu. "Mimi. Toka kwanza."

*

Ndege iliondoka bila jeneza. Asubuhi ile mjane wa Profesa Kiptoo alikaa na mwendesha mashtaka nyuma ya mlango uliofungwa, sufuria ikiwa mezani katikati yao, na walipotoka yule mwendesha mashtaka hakuwa na pingamizi tena. Mashtaka yangefutwa baadaye, taratibu zikikamilika. Kwa leo, Achille aende nyumbani.

Ninahazwe alimkuta ukumbini nje ya chumba cha mahakama, Agathe amemning'inia shingoni analia kwa sauti bila kujali askari wa zamu. Achille mwenyewe hakulia. Alimwondoa dada yake taratibu.

"Maman, asante. Agathe amenieleza. Profesa mwenyewe alitia ile risasi?"

"Mwenyewe."

"Alijua nitamuua?"

"Alijua."

"Tulikuwa watu sita." Alisema bila hasira, kama anayeuliza njia. "Juu ya nini mimi?"

Katika kazi yake ya ukalimani Ninahazwe alikuwa na sheria moja. Neno linapita jinsi lilivyotoka, halitiwi sukari wala chumvi. Majambazi walimchukia kwa ajili yake, na mahakimu walimwamini. Siku hiyo alitamani sana kuivunja. Alitafuta uongo mmoja mzuri, akakuta hana.

"Alisema wanafunzi wangeharibikiwa maisha. Alisema wewe umezoea."

Achille aliinamisha kichwa. Aliigeuza ile bandeji, upande mmoja, kisha upande wa pili. Agathe alikuwa ameacha kulia.

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili," alisema mwishowe. "Mutu wa kwanza bado ninamuona. Na wa pili. Sasa na Profesa." Akainua macho. "Wewe unapelekaka maneno ya watu. Umupelekee ule muke yake, useme ni mimi nimesema. Mutu hazoei."

Ninahazwe alifungua kinywa kumjibu kwamba atalipeleka, kisha akayafuata macho yake. Mildred alikuwa amesimama ukutani nyuma yao, mkoba mtupu mkononi, na hakuhitaji mkalimani.